Feza Alipomwogopa Safi

Watu wa Kindu waliomjua Safi binti Salumu zamani za Wabelgiji walimjua kwa jambo moja kati ya mawili. Wachache walisema huyo ni mwanamke anayetwanga mchele mweupe kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wa Kasuku. Wengi walisema huyo ndiye aliyemlisha sumu mke mwenzake. Nao hawa wengi walilisema kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosema jambo wasilopenda kuulizwa walilijuaje.

Alizaliwa katika kijiji kimoja karibu na Tunda, upande wa Kibombo. Baba yake alikuwa mkulima wa mpunga ambaye Serikali ilimlazimisha kulima pamba pia. Safi alikuwa na miaka kumi na saba hivi siku alipofika nyumbani kwao mwanamke mgeni, amejifunga vikwembe, vitenge vipya vya dukani, na mimba ya miezi minne tumboni. Mwanamke huyo alikuwa Feza, mke wa Abedi, mfunga breki wa treni ya Kindu. Alikuja kuposa. Hakuja kumposea ndugu yake wala mpwa wake. Alikuja kumposea mume wake mwenyewe.

Mama yake Safi akamwuliza mgeni kama mumewe ndiye aliyemtuma. Feza akajibu kwamba mume anajua na amekubali, ila wazo lilitoka kwake yeye. Akaeleza kwamba Abedi hupanda treni Jumatatu kwenda Kongolo akarudi Ijumaa, na juma jingine harudi kabisa. Nyumba wanayokaa ni ya matofali, ina vyumba vitatu, na siku nyingi hakuna sauti ndani yake ila ya kuku.

"Bwana wangu ameoa treni," Feza akasema. "Mimi natafuta muntu wa kukaa naye."

Safi alikuwa nyuma ya mlango, akisikiliza mambo yasiyomhusu ambayo kumbe yalimhusu yeye. Alicheka kabla hajajizuia. Feza akakisikia kile kicheko, naye akacheka, na wazee waliobaki na nyuso zao kavu wakajikuta hawana la kukataa. Maishani mwake mote, Safi alipoulizwa aliolewa namna gani, alisema aliolewa kwa kicheko.

Kindu aliyoikuta ilikuwa mji wa filimbi za treni na honi za meli. Meli zilipanda mto kutoka Ponthierville, zikashusha mizigo, treni ikaichukua kwenda kusini. Wake wawili wa Abedi walijua saa zote za kufika na kuondoka, maana riziki yao ilikuwa hapo: walinunua mpunga kwa wakulima, wakautwanga uani, mwingine wakauuza mbichi, mwingine wakaulowesha na kuusaga wakapika vitumbua vya kuuza stesheni. Walitwanga pamoja katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda huku wa yule ukishuka. Majirani walizoea sauti ile hata wakaifanya saa ya kuamkia.

Uke wenza una ubaya wake, na watu walingoja kuuona. Hawakuuona. Safi alimwita Feza yaya, kama dada mkubwa wa tumbo moja. Feza alimwita mudogo wangu. Waligombana, ndiyo, hasa juu ya chumvi, maana Feza alipenda chakula kikali na Safi hakupenda. Lakini ugomvi wao haukulala hata siku moja. Abedi akirudi Ijumaa na masizi usoni, aliwakuta wakiwa katikati ya maongezi ambayo hakujua yalianzia wapi, akala, akanyamaza, akajiona kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

Feza alizaa binti, wakamwita Mwamini. Safi hakuzaa. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu, na kila mwezi alijificha nyuma ya nyumba kulia kidogo kisha akarudi kazini. Siku Mwamini alipoachishwa ziwa, Feza alimchukua mtoto, akampeleka chumbani kwa Safi pamoja na mkeka wake na kikombe chake cha bati.

"Huyu atalala kwako sasa," akasema. "Mimi nitazaa mwingine. Na kama sitazaa, basi tutakuwa na mumoja sisi wawili."

Tangu siku ile Mwamini alilelewa na Safi. Alimwita mama mudogo, lakini akijikwaa au akiota vibaya, jina hilo ndilo lililomtoka kinywani kwanza.

Vita ya Wazungu ikaja na mambo yake. Watu walipelekwa msituni kugema mpira, treni zikajaa, Abedi akawa haonekani. Feza alipoteza mimba mbili. Vita ilipokwisha, mwaka uliofuata, akashika mimba ya tatu, na hii ikakaa. Ikafika miezi mitano, sita. Safi akamkataza kubeba hata ndoo tupu.

Majira yale mvua zilinyesha kupita kiasi. Mto Lualaba ulifura, ukapanda ukingo, ukaingia katika mitaa ya chini, ukaingia vyooni na visimani, ukakaa siku tisa ndipo ukarudi mahali pake. Maji mazuri yalikuwa kwenye chemchemi, mbali, ng'ambo ya stesheni. Zamani wale wawili waliifuata pamoja asubuhi na mapema, wakiongea njia nzima. Sasa Safi alichota peke yake, alifua peke yake, alitwanga peke yake. Mikono miwili ilifanya kazi ya minne. Kwa hiyo mto ulipopungua, aliacha chemchemi akawa anachota kisima cha bondeni, karibu na nyumba, kama majirani wengine walivyofanya. Maji yalikuwa yameshatulia, hayakuwa na tope.

Baada ya mwezi na siku kadhaa Feza akaanza kukataa chakula. Harufu ya mawese ikimfikia alikwenda kutapika. Watu wakasema ni mimba. Kisha mkojo wake ukawa mweusi kama chai iliyokolea, ngozi ikamwasha mchana na usiku, na asubuhi moja Safi alipomshika kidevu ili amfute uso, aliona weupe wa macho yake umegeuka manjano.

Hakuwa peke yake. Mwezi ule palikuwa na watu saba au wanane mtaani wenye macho ya namna hiyo: mpiga kasia wa feri, mwalimu wa Kurani, polisi mmoja na mke wake. Safi akampeleka Feza dispanseri, na mganga aliyekuwapo, kijana mpole aliyeitwa Florentin, akamwangalia macho, akambonyeza chini ya mbavu upande wa kuume, akasema ni ugonjwa wa ini. Wengi hupona wenyewe kabla mwezi haujaisha, alisema. Wampe papai, wampe maji ya miwa, wasimpe mafuta, na asifanye kazi. Feza alipokuwa akifunga vikwembe vyake, Florentin akamvuta Safi pembeni.

"Huyu iko na mimba, na wenye mimba ugonjwa huu unawashika vibaya," akamwambia. "Mukiona analala muchana na kukesha usiku, ao anasema maneno yasiyo na njia, musingoje. Mumulete lopitali siku ileile."

Safi akaitika. Maneno yale aliyashika kama mtu anavyoshika mtoto katika umati.

Mama yake Feza alikuja kutoka Kibombo kumwuguza binti yake. Alikuwa mwanamke mgumu aliyekwisha kuzika watoto watano, na Feza ndiye aliyebaki pamoja na kaka mmoja, Okito, karani katika ofisi moja ya mjini. Mama huyo hakumchukia Safi, hakumjua tu. Alimkuta akitwanga majani ya uchungu ambayo kwao Tunda hupewa wenye homa ya ini, akauliza ni majani gani. Safi akamtajia jina. Yule mama hakulijua jina hilo, akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Siku mbili tatu Feza alionekana kupata nafuu. Jumatano asubuhi akaomba ungo, akasema amechoka kukaa bure, atachagua mchele. Safi akafurahi, akampa, akaendelea kufua. Aliporudi kumwangalia, mchele ulikuwa umemwagika chini pembeni ya mkeka, na katika ungo zilibaki changarawe peke yake, zimepangwa vizuri. Feza alikuwa anatupa mchele na kuweka mawe.

Safi alidhani ni mzaha. Wawili hao walikuwa na mizaha mingi. Akasema, "Yaya, leo tutakula mawe?" Feza akamtazama bila kucheka, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya mbali. Safi akampa kikombe cha maji. Feza aliponyoosha mikono kukipokea, viganja vyake vilianguka vikainuka, vikaanguka vikainuka, kama mtu anayemuaga msafiri. Na pumzi yake ilikuwa na harufu tamu, harufu ya tunda lililooza.

Usiku wake Feza hakulala, na mchana wa kesho yake hakuamka. Safi akasema apelekwe lopitali. Mama yake Feza akakataa. Mke wa mtu, alisema, hapelekwi kulazwa kwa Wazungu mume wake hayupo. Abedi atarudi Ijumaa, naye ndiye atakayesema. Safi akamweleza maneno ya Florentin. Yule mama akajibu kwamba Florentin hajazaa mtoto wala hajazika. Safi alikuwa na miaka ishirini na minne, mke mdogo asiye na mtoto, mbele ya mama mzazi wa mgonjwa. Alinyamaza. Katika maisha yake yote hakujisamehe kunyamaza kule.

Ijumaa majirani walijaa uani, kwa maana Feza alikuwa ameanza kupiga kelele. Safi aliingia na papai lililokatwa vipande na kikombe. Feza alikuwa ameketi ukutani, macho ya manjano yametoka, mikono ikimpigapiga. Alipomwona Safi alijikunyata.

"Musimuache anikaribie," akasema. "Huyu si Safi."

"Yaya, ni mimi."

"Huyu si Safi. Amevaa sura yake tu. Ananipa sumu, kila siku ananipa sumu katika maji. Mama, mumutoe."

Safi akaweka kikombe chini. Majirani wakasogea dirishani. Na mlangoni alikuwa amesimama Abedi, ndiyo kwanza atoke stesheni, taa yake ya kazi ingali mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Feza alibebwa kwa tipoyi, kiti cha kubebwa mabegani, mpaka lopitali. Daktari Mzungu alimtazama, akamwuliza Abedi hali hii ina siku ngapi, na aliposikia ni siku tatu akashusha pumzi. Jumamosi mtoto alizaliwa mfu, mvulana. Safi alikaa nje, chini ya dirisha, kwa kuwa kila alipoonekana, mgonjwa alipiga kelele hata akatapika damu.

Alasiri ile akiwa pale chini alisikia sauti ya Feza, dhaifu, ikiita jina lake.

"Safi. Safi wangu iko wapi? Mumwite Safi aje anitoe hapa."

Safi aliruka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alipita mlangoni, akampita mlinzi, akafika kitandani, akapiga magoti, akamshika mkono. Feza akageuza uso, akamwona. Ile hofu ikarudi machoni mwake, yote, akavuta mkono wake akaufunika uso. Alikuwa akimwita Safi amwokoe na Safi. Watu wa lopitali wakamshika Safi mabegani, wakamtoa.

Baada ya hapo Feza aliingia katika usingizi, asiamke tena. Jumapili adhuhuri akafa.

Siku ya tatu baada ya maziko ndugu walikaa kikao. Okito ndiye aliyesema. Hakupaza sauti, alikuwa mtu wa ofisi. Alisema watu wanane wa mtaa wameugua macho ya manjano na wote wako hai, wanatembea. Amekufa mmoja tu. Huyo mmoja alikuwa analishwa na nani? Ni nani aliyeonekana akitwanga majani yasiyojulikana? Na marehemu mwenyewe, kabla ulimi haujafungwa, alimtaja nani? Wazee wakasema lisemwalo lipo, na maiti hasingizii mtu.

Florentin alikuja kwa hiari yake, amevaa koti lake jeupe, akasema mbele ya wote kwamba ini likifa, kichwa huharibika, na maneno ya mgonjwa wa namna hiyo si maneno yake. Okito akamwuliza kwa adabu kama alipasua maiti akaliona hilo ini. Florentin akajibu hapana. Okito akamshukuru kwa kuja.

Jioni Abedi alimwita Safi nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda kwa siku tano kuliko wengine wanavyokonda kwa mwaka.

"Ulimupa kitu?"

"Nilimupa maji, na papai, na majani ya kwetu. Unanijua, baba Mwamini."

"Nakujua," akasema Abedi. "Lakini nilimsikia kwa masikio yangu. Nikikuangalia nitamusikia tena."

Akampa talaka yake palepale. Mwamini alikuwa na miaka sita, na Okito akasema mtoto wa dada yake atakwenda kukaa kwake. Asubuhi ya kuondoka Safi alitaka kumfunga mtoto kikwembe, kama alivyomfunga kila asubuhi. Mwamini akarudi nyuma, akajificha katika vikwembe vya bibi yake. Si kwamba alimchukia. Alikuwa ameambiwa tu, na mtoto huamini anachoambiwa. Safi akaiacha ile nguo juu ya mkeka, akachukua mzigo wake.

Alivuka mto akakaa upande wa pili, Alunguli, katika kibanda cha shangazi yake, na shangazi alipokufa akabaki peke yake. Habari zilikuwa zimevuka kabla yake. Hakuna aliyenunua kitumbua mkononi mwake. Lakini mchele mbichi walinunua, kwa kuwa mchele mtu huuosha na kuupika mwenyewe. Basi akaishi kwa mchele. Waliomletea mpunga awatwangie walikaa wakimtazama tangu mwanzo hata mwisho, asiwe peke yake na chakula chao. Alizoea kutazamwa. Jambo ambalo hakulizoea ni kutwanga peke yake. Kila mara, baada ya mchi wake kushuka, palikuwa na nafasi, na mkono wake uliingoja.

Alipata habari za Mwamini kwa vipande. Okito alikuwa amebatizwa, akambatiza na mtoto ili aingie shule ya masista. Sasa aliitwa Germaine. Alikuwa anajua kusoma. Alikuwa amekwenda kusomea uzalishaji. Safi hakumtafuta. Mara mbili kwa mwaka alivuka na feri kwenda soko la Kasuku, akapita mbali na nyumba ya Okito, akarudi.

Ikapita miaka kumi na miwili. Siku moja ya Jumapili, msichana mrefu mwenye viatu vyeupe alisimama mbele ya kibanda, akauliza kama hapa ndipo kwa Mama Safi. Safi alikuwa akipepeta. Aliinua macho akaona kidevu cha Feza, akauweka ungo chini.

"Mama mudogo," msichana akasema.

Wakaketi. Germaine akasimulia. Miezi mitatu nyuma, huko alikokuwa anajifunza kazi, waliletewa mwanamke mwenye mimba ya miezi saba na macho ya manjano. Mwanamke huyo alikuwa mpole siku ya kwanza. Siku ya tatu mikono yake ikaanza kuanguka na kuinuka, na mama yake mzazi alipomletea uji akamsukuma akalia, akisema huyu si mama yangu, huyu anataka kuniua. Germaine alimwendea daktari, akamwuliza. Daktari akamweleza kwamba kazi ya ini ni kusafisha damu, na ini likiharibika, uchafu wa mwili wenyewe hukaa katika damu kama sumu, ukapanda kichwani. Mtu huchanganya usiku na mchana, huwasahau awapendao, huwaogopa. Mwisho hulala asiamke.

"Sumu ilikuwepo," Germaine akasema. "Mama hakusema uongo. Lakini ilitoka ndani yake. Wewe haukumupa kitu. Nimekuja kuomba musamaha, mama mudogo. Kwa siku ile. Kwa miaka yote hii."

Safi alimwambia kwamba mtoto wa miaka sita hana deni na mtu. Akamshika mikono, akaigeuza, akaitazama kama anayetafuta alama aliyoiacha humo zamani. Germaine alikuwa analia. Akasema sasa anaweza kupumzika, sasa anajua kwamba hayakuwa maneno ya Feza.

"Maneno hayakuwa yake," Safi akasema. "Lakini hofu ilikuwa yake, binti yangu. Aliogopa kweli. Na aliyemuogopa njo mimi. Alikufa hivyo."

Baadaye, maji ya chai yakiwa jikoni, Safi aliuliza neno ambalo hakupata kumwuliza mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuulizwa: ugonjwa wenyewe humwingia mtu kwa njia gani? Germaine akajibu upesi, kama mwanafunzi anayejua somo lake. Wanafikiri ni maji, alisema. Maji machafu, hasa ya visima vya chini, mto ukifurika na kuingia vyooni. Hata yakionekana safi. Wengi hunywa wasiugue, wengine huugua kidogo, lakini mwenye mimba akiyanywa ni hatari.

Safi akauliza hata maji yakiwa yametulia. Germaine akasema hata hayo.

Safi aliinuka akaenda kuchochea moto, akakaa huko muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji. Aliona njia ya chemchemi, ile ndefu, aliyoiacha ili arudi upesi kwa yaya wake. Aliona ndoo. Kila kikombe Feza alichokunywa mwezi ule alikijaza yeye, kwa mkono wake, akamzuia mwenzake asijichotee. Mtoto huyu amevuka mto kumwondolea mzigo, na bila kujua amemtwika mwingine. Aliporudi na chai uso wake ulikuwa umetulia. Hakumwambia Germaine siku ile, wala siku nyingine yoyote. Aliona inatosha mtu mmoja kuujua.

Mwaka uliofuata Germaine aliolewa na mwalimu aitwaye Désiré, na alikataa arusi ifanyike mpaka Safi awepo. Safi akavuka. Abedi alikuwapo, mzee kabla ya wakati wake, ameachishwa kazi ya treni kwa sababu ya macho. Alimsalimu Safi, akasema mtoto amemweleza. Akasema tena, akitazama chini, kwamba ingalifaa amwamini Florentin. Safi akamwambia wote walikuwa wamechoka siku zile. Okito alikuja akampa mkono mbele za watu, na hilo halikuwa jambo dogo kwake. Lakini mama yake Feza, aliyekuwa amekwisha kupofuka jicho moja, alipoambiwa nani ameketi karibu naye, aliomba asaidiwe kuhama upande wa pili. Daktari na wajukuu waseme watakavyo. Yeye alimsikia binti yake. Safi akamwona akiondoka akipapasa ukuta, na moyoni mwake hakumlaumu.

Désiré akapewa shule Lubutu, na Germaine akapata kazi ya uzalishaji hukohuko. Wakamwandikia Safi barua, naye akasomewa na mwalimu wa jirani. Aliuza kinu, akawaaga wachache waliomuaga, akapanda lori la mizigo akakaa njiani siku tatu. Huko Lubutu hakuna aliyejua habari zake. Watu walikula chakula alichopika, na mara ya kwanza jirani alipopokea kitumbua mkononi mwake na kukitia kinywani bila kukitazama, Safi alilazimika kuingia ndani.

Germaine akazaa, ulipobaki muda mfupi Wabelgiji waondoke. Mtoto alikuwa msichana. Safi mwenyewe alimpokea, akamwosha, akamfunga. Kesho yake wazazi wakamwita akae, wakamwambia kwa furaha kwamba wamekubaliana mtoto aitwe Feza.

Safi alikuwa amempakata.

"Musimupe jina hilo," akasema. "Nawaomba. Nitakuwa naliita kila siku, na kila siku nitangoja kuona kama ataitika ao atalia."

Walimwelewa, au walidhani wamemwelewa. Mtoto akaitwa Adèle, jina la bibi yake Désiré. Alikuwa mtoto wa afya na wa kelele nyingi. Safi alimlea mpaka akaanza shule, akimbeba mgongoni hata siku ambazo miguu yake mwenyewe ilimuuma, na mtoto yule alimpenda bila kumwogopa hata kidogo.